Mtoto ataka chuo "kikubwa". Je, ukubwa wa kampasi ni sababu ya kuchagua chuo?

ShangaziTudor
Assalam aleikum na hamjambo nyote. Nna binti wa kaka yangu, amemaliza fomu foo, amepata B. Ataka sayansi ya kompyuta. Dirisha la KUCCPS, wale wanaopangia wanafunzi vyuo, halijafunguliwa na vita nyumbani vishaanza. Mamake ataka asome TUM, chuo kikuu cha ufundi cha hapa Tudor, Mombasa, maana kutoka kwetu ni mwendo wa miguu. Mimi nikamtajia Chuo Kikuu cha Pwani, pale Kilifi. Mwenyewe hataki kusikia, yeye ni Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, tu. Namuuliza kwa nini, aniambia "nataka chuo kikubwa". Kikubwa kwa nini? "Kikubwa tu, shangazi. Hiki cha hapa nakimaliza kukizunguka chai haijapoa."

Sasa nauliza waliosoma: mtu achague chuo kwa upana wa uwanja? Au kuna kitu mtoto akiona ambacho mimi sikioni? Nisaidieni, na kejeli za vyuo vya wenzenu wekeni kando tafadhali.

KomrediKisauni
Shikamoo shangazi. Mimi nilisoma chuo kikubwa huko bara, sitakitaja. Raha yake ipo, nisidanganye. Chumba kimoja nililala na Mteso wa Busia, Mturkana na Mkamba, na mimi mtoto wa Kisauni ambaye kabla ya hapo safari ya mbali ilikuwa Malindi. Vilabu vya kila aina: mdahalo, kupanda milima, roboti, kwaya tatu. Ukitaka kupotea ukaanza upya hakuna anayekujua, wapotea.

Lakini mwaka wa kwanza kuna masomo ya pamoja ambayo kozi nyingi husoma kwa mpigo. Ukumbi umejaa, wengine wamesimama mlangoni, na mwalimu unamwona kama mwezi wa Ramadhani: yuko aliyemwona na yuko anayeapa hajamwona. Kama mtoto ni wa kuuliza maswali darasani, atayameza.

AmiKibokoni
Chuo cha Tudor msikidharau kwa udogo. Kile kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, wazee wakiita MIOME, wanafunzi wa kwanza wakaingia 1951. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, 1972 kikawa Polytechnic, 2007 chuo kikuu kishiriki chini ya JKUAT, kile chuo cha Jomo Kenyatta cha Juja, na 2013 kikapewa hati yake. Mafundi wengi wa bandarini na wa stima wa mji huu walipita pale. Mafundi wale hawakuulizwa kazini uwanja wao ulikuwa na ekari ngapi.

MwambaoUghaibuni
Niko Columbus, Ohio, nimezaliwa Majengo. Shangazi, mtoto akisema kikubwa, kwanza muulize anapima nini.

Hapa nilipo, Ohio State, kampasi hii moja ina wanafunzi zaidi ya 60,000 na uwanja wa mpira wao wa Kimarekani unaingiza watu zaidi ya 100,000. Kuna mabasi ya chuo ya kukutoa darasa moja hadi jingine. Katika jimbo hili hili kuna Oberlin, chuo cha kama wanafunzi 3,000 hivi, mji wenyewe mdogo, na ni chuo chenye heshima kubwa. Wamarekani wana mizani inaitwa Carnegie, na kwa vipimo vyake vya zamani: chuo cha miaka minne chini ya wanafunzi 3,000 ni kidogo, 3,000 hadi 9,999 cha kati, 10,000 kwenda juu kikubwa. Mizani hiyo haihesabu ekari hata moja, yahesabu vichwa. Na vichwa na ardhi haviendi pamoja. Stanford kule California ina ekari zaidi ya 8,000 na wanafunzi kama 17,000 tu. New York University ina zaidi ya 50,000 na haina hata ukuta, majengo yamesambaa mitaani kuzunguka bustani ya Washington Square, watoka darasani waingia kwenye magari.

Hata Nairobi ni hivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Nairobi kwa jina ni kikubwa, lakini mtu wa mifugo na kilimo yuko Upper Kabete, sayansi Chiromo, ualimu Kikuyu. Mwanafunzi wa Kikuyu anaweza kumaliza chuo bila kuwa na shughuli yoyote Chiromo. Yeye chuo chake ni kile kipande alichopangiwa.

BintiLikoni
@MwambaoUghaibuni hapo kwa "kipande" umesema. Nitarudi jioni niandike, niko kazini.

MwalimuMstaafu
Habari zenu. Nimefundisha hesabu katika vyuo vya umma hadi nikastaafu, na nimekuwa nikisoma uzi huu kimya. Niongeze machache, ingawa huenda yakawa marefu.

Mwanafunzi hasomi chuoni, husoma idarani. Huu ndio ukubwa ambao hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza siku ya kupokea wanafunzi. Wanauliza bweni, wanauliza karo, wanauliza kama kuna msikiti au kanisa karibu. Hawaulizi: katika kozi hii, wahadhiri wa kudumu ni wangapi, na wa kulipwa kwa saa ni wangapi? Mhadhiri wa saa huja, hufundisha, huondoka kwenda kufundisha kwingine. Hana ofisi ya kumgongea mlango. Chuo kikubwa chaweza kuwa na idara ndogo yenye maprofesa wanaomjua kila mwanafunzi kwa jina, na chuo kidogo kikawa na kozi moja inayopendwa, iliyofurika hadi mradi wa mwaka wa nne unasimamiwa kwa makundi. Kompyuta kwa sasa ndiyo kozi ya namna hiyo. Kila mtu anaitaka.

Kufurika si jambo geni. Mwaka 1990, wanafunzi wa mwisho wa fomu siksi na wa kwanza wa 8-4-4, mfumo usio na fomu siksi, waliingia vyuoni pamoja. Vichwa viliongezeka, kumbi zikabaki zile zile. Tuliokuwapo twakumbuka wanafunzi wakinakili kupitia dirishani. Halafu kuanzia 1998 wakaja wa kujilipia, Module II, na vyuo vikafungua matawi mijini. Hata Mombasa mliyaona: ghorofa mbili juu ya maduka, bango kubwa nje, lifti mbovu. Yalikuwa madogo kweli kweli, na yapo yaliyofundisha vizuri. Lakini mtihani wa KCSE wa 2016 ulipotoa wanafunzi 88,929 tu wenye C+, alama ya kuingilia chuo kikuu, na kwenda juu, nafasi za serikali zikawatosha wote, wa kujilipia wakapungua mno, na matawi mengi yakafungwa au yakanywea. Wanafunzi waliokuwa katikati ya kozi wakaambiwa wahamie kampasi nyingine, wengine miji mingine.

Kwa hiyo mtu akisema "chuo kidogo" mimi humuuliza kama ni chuo kidogo kinachojitegemea, au ni mkia wa chuo kikubwa. Hivyo viwili havifanani hata kidogo. Mkia hukatwa wakati wa njaa.

Na kuna utafiti wa zamani, wa Barker na Gump, walichapisha 1964 kuhusu shule za sekondari za Kansas huko Marekani. Waliona kwamba shule kubwa ilikuwa na shughuli nyingi zaidi za kuchagua, lakini mwanafunzi wa shule ndogo ndiye aliyebebeshwa nafasi nyingi za wajibu: awe nahodha, aigize, aandike gazeti, kwa sababu watu hawatoshi. Kwenye kubwa wengi walikuwa watazamaji. Ni sekondari, si chuo, na ni Kansas, lakini nimeyaona hayo hayo kwa macho yangu. Mwanafunzi mkimya kwenye idara ndogo huvutwa shati aseme. Kwenye kubwa anaweza kukaa kimya miaka minne.

MagurudumuYangu
Mie natumia kiti cha magurudumu. Mnaongea habari ya ekari kama mandhari. Kwangu ekari ni mikono. Chuo chenye uwanja mkubwa, njia ya changarawe na mihadhara inayofuatana pande mbili za uwanja, nakosa nusu ya kwanza ya kila kipindi. Nilichagua kidogo kwa sababu hiyo tu, na sijutii. Lakini kidogo chenye ngazi bila lifti ni balaa kuliko kikubwa kilicho tambarare. Nenda ukaangalie kwa macho.

KomrediKisauni
Wazee, heshima zenu, lakini mwasahau kitu. Chuo hakichaguliwi kama nguo Marikiti. Kuna klasta, yaani alama za masomo yanayohusu kozi. Alama ni kwa 48, na kila kozi katika kila chuo ina mahali ilipokatia mwaka uliopita. B ni nzuri, ila kompyuta kwenye vyuo vya Nairobi hukata juu. Mtoto anaweza kutaka kikubwa, kikubwa kisimtake.

Halafu umbali una bei. Treni ya SGR ya kwenda Nairobi, daraja la kawaida, ni Sh1,500 tangu Januari 2024, ikiwa utapata tiketi wakati wa kufunga. Kama ni Eldoret au Maseno, ukifika Nairobi safari bado. Zidisheni kwa kwenda na kurudi kila muhula, na msiba mmoja wa ghafla.

BintiLikoni
Nimerudi. Nitasema lile ambalo wanaume wa uzi huu hawajaligusa, wasinikasirikie.

Mimi nilisoma kisiwani nikiishi kwetu Likoni. Chuo kidogo, watu wachache, wahadhiri walinijua. Kwa masomo sina lawama. Asubuhi feri, jioni feri. Anayevuka kwa miguu halipi, lakini ule mlolongo wa kushuka mteremko na kusubiri, na ikiharibika moja ndio basi, ndio ada yake. Hayo yote nilivumilia.

Kilichonichosha ni maneno mawili: "kwa kuwa upo". Kwa kuwa upo, mpokee mjukuu shuleni. Kwa kuwa upo, shangazi yako amelazwa Makadara, mpelekee uji. Kuna harusi Alhamisi, kuna kupika, kuna kupakua, kuna kuosha masufuria, na wewe si wasoma tu? Hitima ni wewe. Wageni wa Lamu ni wewe. Mtihani ukikaribia nilikuwa nasoma baada ya isha watu wakishalala, kwa tochi ya simu. Kakangu alisoma Eldoret. Hakuna hata mmoja aliyempigia simu aje apakue pilau. Alikuwa "yuko chuo". Mimi nilikuwa "huenda chuo". Tulikuwa na akili moja, matokeo yakatofautiana.

Shangazi, mimi huyo mtoto wako simjui, lakini nasikia sauti yake. Sidhani aongea habari ya uwanja. Mtoto wa kike akisema ataka chuo kikubwa, wakati mwingine ataka chuo ambacho mlango wake hauonekani kutoka jikoni.

AmiKibokoni
Binti, umesema kwa uchungu na nimekusikia. Ila na sisi wazee tusikizwe. Mtoto wa miaka 18 kumtupa Nairobi, mtaani, chumba cha kupanga, kwa sababu bweni halitoshi, hilo nalo si dogo. Nyumbani kuna chakula na kuna macho.

BintiLikoni
Ami, macho ndiyo tunayoyazungumzia 😅 Lakini hilo la bweni wasema kweli. Vyuo vikubwa vingi bweni ni za wachache, haswa mwaka wa kwanza ukipita. Ndio maana Juja na Kahawa Wendani, jirani ya JKUAT na Kenyatta, zimejaa ghorofa za wanafunzi. Huko ukubwa wa chuo unaanzia nje ya geti: mwendo wa usiku kutoka maktaba hadi chumbani, na taa za barabarani kama zipo. Mimi hilo ningelipima kabla ya jina.

ShangaziTudor
Nimekaa kimya tangu jana kwa sababu niliyasoma haya kwa sauti, na mtoto akiwa chumba cha pili. Mwalimu, ahsante. Komredi, klasta tutaihesabu vizuri. BintiLikoni, wewe nitakuombea dua.

Nilimwita nikamuuliza wazi: ni uwanja, ni jina au ni nini? Kwanza akabisha, eti anapenda vyuo vyenye vilabu vya kompyuta. Nikanyamaza. Kisha akasema, "Shangazi, hapa nyumbani nitasoma saa ngapi?" Kumbe mtihani wa majaribio wa fomu foo alikuwa akisomea kwa jirani. Mimi naishi nyumba ile ile na sikujua. Mamake alikuwa anasikiza, akanuna, akaondoka na sufuria. Baadaye akaja kusema, "Kwani nani alimwambia aoshe vyombo?" Ni yeye aliyemwambia, lakini sikuongeza neno.

Kwa hiyo TUM haikukataliwa kwa udogo wake. Imekataliwa kwa kuwa ni karibu, kosa ambalo si la chuo.

AmiKibokoni
Haya. Basi kama ni hivyo, TUM akae bweni. Bweni lipo Tudor vile vile.

ShangaziTudor
Ami, akae bweni mwendo wa robo saa kutoka kwa mamake? Kila ijumaa ataitwa. Wewe wamjua wifi yangu.

KilifiMtoniWetu
Naingia kwa kuchelewa, ila mumetaja Kilifi na mimi ni mtu wa huku. Shangazi, wazo lako la kwanza lilikuwa la maana zaidi ya mlivyolipa nafasi.

Pwani kabla ya kuwa chuo kikuu kilikuwa chuo cha kilimo, Kilifi Institute of Agriculture, kwa hiyo ardhi ipo. Wanaotaka miti na nafasi ya kutembea wataipata, na hewa ya bahari. Kwa vichwa si kama vile vya Nairobi. Ni chuo kinachojitegemea, si tawi, kina hati tangu 2013. Na huyo mtoto anayetaka Kenyatta mwambieni hivi: kati ya 2007 na 2013 Pwani ilikuwa chuo kishiriki cha Kenyatta hicho hicho. Atacheka.

Mombasa hadi hapa ni kama kilomita 60. Ni mbali ya kutosha kwamba hakuna atakayemwita kuosha sufuria, na karibu ya kutosha kwamba akiugua, mtu anafika kabla ya adhuhuri. Mji ni mdogo, burudani chache. Kama ataka kelele za Nairobi atachoka mapema. Kazi za kompyuta za likizo pia hapa ni haba, itabidi ashuke Mombasa au apande Nairobi kwa ajili ya mafunzo kazini. Hilo msilifiche, kwa kozi yake lina uzito.

MwambaoUghaibuni
Hilo la mafunzo kazini ndilo ningelitilia mkazo hata mimi. Kampasi haiishii kwenye ukuta. Mtu wa uhandisi wa meli au wa bahari akisoma Mombasa ana bandari nzima na taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, pale Mkomani. Chuo chake ni kidogo lakini amezungukwa na kazi. Mtu wa kompyuta, Nairobi ndiyo ina kampuni nyingi. Kwa hiyo hapo mtoto hana makosa sana kutazama juu.

MwalimuMstaafu
Nakubaliana na nyote wawili. Shangazi, ushauri wangu ni mmoja: mpeleke akaone, Kilifi kwanza kwa kuwa ni karibu, na aende siku ya kazi katikati ya muhula. Siku rasmi ya wageni kila kitu kimepakwa rangi. Asiongee na afisa wa usajili. Akae kwenye kibanda cha chai nje ya geti, aulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kompyuta: maabara ikijaa mnafanya nini? Matokeo ya muhula uliopita yalitoka lini? Mara ya mwisho kuingia ofisi ya mhadhiri ni lini, na alikuwepo? Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hana sababu ya kudanganya. Wa mwaka wa kwanza bado anasifu, wa nne ashachoka na kila kitu.

Na aangalie maktaba saa za jioni. Viti vikijaa nusu saa baada ya mihadhara kuisha, hicho chuo ni kidogo kwa watu wake, hata kikiwa na ekari elfu.

MagurudumuYangu
Na aangalie vyoo. Mwalimu amesahau vyoo.

MwalimuMstaafu
Nimesahau, na ni jambo la msingi. Ahsante.

KomrediKisauni
Shangazi, mambo ya fomu: msijaze chuo kimoja tu kwa mapenzi. Weka Kenyatta juu kama moyo wake upo huko, Pwani chini yake, na TUM isitoke kwenye orodha, hata mkiwa mmeikasirikia. Ikigonga vibaya, kuna dirisha la kuomba kuhamia chuo kingine baada ya kupangiwa, ila nafasi iwepo na klasta yako ifikie. Usilitegemee.

ShangaziTudor
Tumekubaliana hivyo hivyo, Komredi, isipokuwa mpangilio. Mtoto mwenyewe, baada ya kusoma ile ya Kilifi, asema ataka kwenda kuona wiki ijayo kabla hajasema lipi la kwanza. Mamake amekubali, kwa sharti kwamba naye aende. Kwa hiyo tutakuwa watatu kwenye matatu, Mungu atupe subira.

@KilifiMtoniWetu, bweni za wanafunzi wa mwaka wa kwanza zikoje huko? Na kama hazitoshi, mitaa gani ya kupanga ambayo msichana anaweza kurudi saa mbili usiku bila mtu kumsumbua?

KilifiMtoniWetu
Bweni mkipangiwa tu ombeni siku hiyo hiyo, msingoje siku ya kuripoti. Mitaa nitawaonesha mkija, kwa miguu, mida ya magharibi, muone taa zenyewe. Shukeni stendi ya Kilifi, mnitumie ujumbe hapa ndani. Na mwambie mamake asibebe chakula, samaki watapatikana.

ShangaziTudor
Atabeba tu.